Trei za miche kwa bustani ya nyumbani Dodoma: chukua ya matundu 66, ya 200 iache dukani

Trei ya plastiki ya kuoteshea miche sasa inapatikana kwenye maduka mengi ya pembejeo mjini Dodoma. Ni nyeusi, ina urefu wa sentimita 54 hivi na upana wa 28, na huuzwa kwa idadi ya matundu: 66, 128 au 200. Muuzaji mara nyingi atakusogezea ya 200. Hesabu yake inavutia: bei haipishani sana, lakini miche ni mara tatu. Kwa mtu mwenye bustani nyuma ya nyumba Ilazo, Nkuhungu au Kisasa hesabu hiyo inapotosha, na kinachoivuruga ni maji.

Trei zote tatu zina uso wa ukubwa mmoja, kwa hiyo jua na upepo huzikausha sawasawa. Zinachotofautiana ni akiba ya udongo na maji iliyo ndani ya kila tundu. Tundu la trei ya 66 hubeba karibu mililita 50 za udongo, la 128 ishirini na kitu, na la 200 kumi na kitu tu. Watengenezaji hawalingani, kwa hiyo pima mwenyewe: ziba kitundu cha chini kwa kidole, jaza maji kwa bomba la sindano, kisha usome yameingia kiasi gani. Mwezi wa Septemba na Oktoba, upepo mkavu wa Dodoma unapovuma mchana kutwa, tundu dogo lililomwagiliwa saa 1 asubuhi linaweza kuwa vumbi ifikapo saa 7 mchana. Tundu la trei ya 66 linavumilia hadi jioni. Anayetoka asubuhi kwenda kazini Mtumba na kurudi saa 11 jioni hana namna ya kuitunza trei ya 200, labda awe na mtu nyumbani wa kumwagilia mara tatu kwa siku.

Halafu, nyumba inahitaji miche mingapi? Tuta la mita 10 za mraba likipandwa nyanya kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50 linachukua miche 26. Ongeza sukuma wiki 18 kwenye tuta la mita 5 za mraba kwa nafasi ya 60 kwa 45, jumla 44. Trei moja ya 66 inatosha na inabakiza matundu 22 ya akiba kwa mbegu zisizoota na miche ya kujazia mapengo. Trei ya 128 tunaikubali kwa kabichi na chainizi, ambazo miche yake huhama mapema, na kwa wanaopanda pamoja na majirani. Hoho iweke kwenye 66 bila mjadala. Hukaa kwenye trei wiki 5 hadi 6, na katika tundu la 200 mizizi yake huwa imemaliza nafasi mapema, ikaanza kujizungusha, na mche ukadumaa kabla hujauhamisha.

Sasa ubora wa trei yenyewe. Rafu moja inaweza kuwa na trei mbili zinazofanana rangi na ukubwa, moja ikadumu misimu minne na nyingine ikapasuka kabla ya msimu wa pili kwisha. Shika trei tupu kwa ncha mbili za mwisho na uiinue. Nyembamba hupinda katikati kama mkeka, nzito hubaki imenyooka. Jambo hili lina uzito kwa sababu trei iliyojaa na kumwagiliwa hufika kilo 3 au 4. Ikipinda unapoihamisha, mabonge ya udongo hupasuka na mizizi michanga hukatika ndani bila wewe kuona, na siku mbili baadaye unaanza kuuliza kwa nini miche imenyong'onyea. Kisha inyanyue kuelekea mwanga. Plastiki hizi huvutwa zikiwa moto, hivyo sehemu nyembamba kabisa huwa kwenye pembe za chini za matundu. Mwanga ukipenya hapo kwa urahisi, irudishe. Wakati huohuo kagua vitundu vya kutolea maji kimoja kimoja. Trei nyingine huwa na vitundu vitatu au vinne ambavyo mashine haikuvitoboa sawasawa, na mche utakaokaa hapo utaoza mizizi. Msumari uliopashwa moto unamaliza tatizo, ila ni bora ulijue kabla ya kusia mbegu.

Bei hubadilika duka hadi duka, kwa hiyo tumia hesabu hii: trei nyembamba hutoa mizunguko 2 au 3 ya miche, nzito ikitunzwa hufika 8 na zaidi. Hata nzito ikiuzwa mara mbili ya nyembamba, bado ndiyo rahisi.

Trei bila udongo wake haina kazi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Udongo mwekundu wa Dodoma ukiujaza peke yake kwenye tundu hugeuka tofali baada ya kumwagilia mara tano. Maji hupita pembeni kati ya bonge na plastiki, na katikati panabaki pakavu. Kinachouzwa pamoja na trei ni koko piti, unga wa makumbi ya nazi ulioshindiliwa. Tofali la kilo 5 huloweshwa kwa lita 20 hadi 25 za maji na hutoa lita 60 hivi au zaidi. Trei moja inakula lita 3 hadi 4, kwa hiyo tofali hilo ni la trei 15 au zaidi, kubwa mno kwa nyumba. Tafuta kitofali cha gramu 650, kinachotoa lita 8 hivi, kinatosha trei mbili.

Kuna jambo moja kuhusu koko piti ambalo wauzaji wengi hawalisemi: inaweza kuja na chumvi, kwa sababu minazi huota pwani na makumbi mara nyingi huloweshwa kwenye maji ya chumvi. Kwingine hilo ni dogo. Kwa Dodoma ni jambo kubwa, maana maji ya visima vyetu vingi nayo yana chumvi. Lowesha, kamua kwa mkono, mwaga maji, rudia mara mbili. Ukiweza tumia maji ya mvua uliyokinga kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo changanya sehemu 3 za koko piti na sehemu 1 ya mboji iliyoiva na kuchekechwa. Samadi mbichi isikaribie trei, huunguza mizizi na kuleta magugu.

Asiyetaka kununua koko piti ana njia nzuri ya hapahapa: pumba za mpunga, ambazo Bahi zipo. Zichome taratibu hadi ziwe nyeusi, kisha zizime kwa maji kabla hazijawa majivu. Majivu huongeza magadi kwenye udongo, na majani machanga hugeuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Tumia sehemu 2 za pumba hizo, 1 ya mboji na 1 ya mchanga wa korongoni uliooshwa. Mchanganyiko huu hukauka upesi kuliko koko piti, lakini hautuamishi maji.

Kujaza kunahitaji mkono mwepesi. Udongo uwe na unyevu kiasi kwamba ukiufumbata unashikana na kudondosha tone moja au mawili. Jaza, gonga trei mezani mara mbili, sawazisha kwa ubao. Usishindilie kwa kidole gumba. Weka trei tupu juu yake na uibonyeze kidogo ili vishimo vya mbegu viwe na kina kimoja: nusu sentimita hadi moja kwa nyanya, moja kwa kabichi na hoho. Mbegu chotara weka moja kwa tundu. Mbegu za kawaida kama nyanya za Tanya au Tengeru 97 weka mbili, kisha mche dhaifu ukate kwa mkasi. Ukiung'oa utaondoka na mizizi ya mwenzake. Mbegu ziwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe iliyo hai, maana trei nzuri haiwezi kuotesha mbegu iliyokufa.

Funika trei kwa gunia bichi na uiweke kivulini. Kabichi huchomoza siku ya 3 hadi 5, nyanya ya 5 hadi 8, hoho ya 8 hadi 14, na usiku wa baridi wa Juni na Julai huongeza siku. Kuanzia siku ya 3 funua kila asubuhi uchungulie. Ukiona shingo nyeupe zilizopinda zinasukuma udongo, hata kama ni tano tu, gunia liondoke saa hiyohiyo. Likibaki siku mbili zaidi miche hurefuka kama uzi ikitafuta mwanga, na mche wa namna hiyo upepo wa Dodoma unaulaza.

Trei haitakiwi kukaa chini. Ikigusa ardhi, mizizi hupenya vitundu na kuingia udongoni, na siku ya kuhamisha unaikata. Juu ya kichanja chenye hewa chini yake, ncha ya mzizi inayotokeza hukauka na mzizi huchipua matawi ndani ya bonge. Mita 1 kwenda juu inatosha. Kama miguu ya kichanja ni ya mti, isimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu. Mchwa wa huku hawasubiri mwaliko. Juu weka neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50, si nzito zaidi. Pembeni weka neti ya kuzuia wadudu yenye matundu yasiyozidi robo ya milimita. Chandarua cha mbu hakifai: inzi weupe wanapita, na ndio wanaoleta ugonjwa unaokunja majani ya nyanya, ule ambao wakulima wanauita rasta. Mche ukiambukizwa kwenye trei hautapona shambani.

Udhaifu mkubwa wa trei nyeusi kwa hali ya hewa yetu ni matundu ya pembeni. Kingo hupigwa na jua na upepo pande zote, kwa hiyo safu ya nje hukauka kwanza wakati ya katikati bado bichi. Ukimwagilia kwa kutazama pembeni unaozesha katikati, ukitazama katikati unaua pembeni. Sogeza trei zibanane, zungushia mbao au viroba vya mchanga pande za nje, geuza trei kila baada ya siku mbili, na matundu ya pembeni yaongezee maji kwa kikombe.

Mwagilia kwa keni yenye kichwa cha matundu madogo hadi maji yachuruzike chini. Kunyunyiza kidogokidogo ndiko kunakojaza chumvi. Dalili yake ni ukoko mweupe kwenye ukingo wa tundu na ncha za majani kuungua. Ukiuona, mwagia maji mengi mara mbili mfululizo yakaoshe udongo. Kumwagilia usiku nako ni kuita kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoangusha miche michanga. Inama uangalie shina pale linapoingia udongoni: sehemu hiyo huwa imelowa na kusinyaa, nyembamba kuliko juu yake, na mche huanguka majani yakiwa bado kijani. Ondoa mche na udongo wa tundu hilo na wa matundu jirani, punguza maji, ongeza hewa. Dawa haimwinui mche ulioanguka.

Majani mawili ya kweli, yaani yanayofuata yale ya kwanza ya mbegu, yakitoka, anza mbolea ya maji ya 19-19-19 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiwango sawa), gramu 1 kwa lita, mara moja kwa wiki. Koko piti haina chakula, na miche inayopauka wiki ya tatu mara nyingi ina njaa tu.

Njia nyingine kwa ufupi. Viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, vinafaa papai na miti, kwa nyanya vinakula udongo na nafasi bure. Trei za mayai za karatasi hazifai Dodoma: karatasi hunyonya maji na kuyapa upepo. Vitunguu visiingie kwenye trei kabisa. Unahitaji miche mamia kwa eneo dogo, inakaa wiki 6 hadi 8, na kitalu cha ardhini kinaifanya kazi hiyo vizuri kwa gharama ndogo.

Nyanya na kabichi huwa tayari wiki ya 4. Siku 7 kabla ya kuhamisha, punguza maji na ondoa kivuli hatua kwa hatua, kwanza asubuhi, mwishowe kutwa. Siku yenyewe mwagilia trei muda wa saa mbili kabla ya kuhamisha, kisha jaribu mche mmoja: sukuma kitundu kwa chini kwa penseli. Bonge likitoka zima, limezungukwa na mizizi myeupe, na halimeguki ukiliweka kiganjani, hamisha yote saa 11 jioni. Likimeguka subiri siku tatu. Usiuvute mche kwa shina hata kama umekwama, sukuma tena kwa chini.

Trei ikibaki tupu ioshe siku hiyohiyo kabla mizizi haijakaukia ndani. Iloweke dakika 20 kwenye jiki sehemu 1 kwa maji 9, isuuze, ikaushe kivulini na uihifadhi ndani. Ikiachwa uani juani kati ya msimu na msimu, plastiki huwa kavu na kuvunjika pembeni, hata ile nzito.