Kufuta kashe yote au kupakia ukurasa upya kwa nguvu?

Juzi mteja wa Kariakoo alinitumia skrinishoti: viatu nilivyoshusha hadi 38,000 kwake bado vilisoma 45,000. Swali likawa lilelile: afute kashe, au apakie ukurasa upya kwa nguvu?

Kashe ni nakala za picha na mafaili ambazo kivinjari hutunza ili kisizipakue tena. Ukifuta zote, kila tovuti unayoizoea itapakuliwa upya, na bando ndilo litakaloumia. Kupakia upya kwa nguvu, yaani kubonyeza Ctrl+Shift+R kwenye Chrome au Firefox, hugusa ukurasa uliofungua tu. Kwa mwenye laptopu anayechota intaneti kwenye simu, ningeanza na hiyo.

Ila kwenye simu kitufe hicho hakuna. Na tovuti ikivurugika kurasa nyingi, kufuta ndiko kunakomaliza kazi, tena kunakurudishia nafasi. Tafadhali, ondoa kwanza tiki ya vidakuzi (vifaili vinavyokumbuka kuwa umeingia kwenye akaunti), la sivyo utatolewa kwenye akaunti zako, na nywila wengi wetu huwa tumeshazisahau.

Uko ofisini Posta na waifai haikupi shida? Futa tu.