A Memory of Light: vita kubwa kuliko zote, matanga hakuna

Nimekifunga saa kumi na moja kasoro alfajiri. Jiko la mkaa nilishalitoa nje zamani, na nyie wa Mbeya mnaijua baridi ya Julai ilivyo, vidole vimekufa ganzi, blanketi mbili hazitoshi, lakini ningelalaje na kurasa sitini zimebaki baada ya kuifuata hii hadithi miaka yote hii. Asubuhi nimefungua kibanda changu cha steshenari pale Kabwe macho mekundu, mteja wa kwanza akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo upo, kwa sababu kwangu mimi ulikuwepo.

Basi nasema mapema, humu ndani kuna spoila nyingi, nataja waliokufa kwa majina. Kama uko kitabu cha tano au cha saba ishia hapa, rudi ukimaliza.

Kwa wasioijua, hiki ni kitabu cha 14 na cha mwisho cha The Wheel of Time, mfululizo wa riwaya za kubuni zenye dunia yake na uchawi wake. Cha kwanza kilitoka 1990, cha mwisho Januari 2013. Aliyeianzisha ni Robert Jordan, Mmarekani aliyewahi kupigana vita ya Vietnam, akafariki Septemba 2007 kwa ugonjwa wa moyo hadithi ikiwa haijaisha. Mke wake, Harriet McDougal, ndiye alikuwa mhariri wake tangu mwanzo, na ndiye alimchagua kijana mwingine, Brandon Sanderson, aimalize kwa kufuata maandishi na maelezo aliyoyaacha marehemu. Kilichotakiwa kuwa kitabu kimoja cha mwisho kikazaa vitatu, 2009, 2010, halafu hiki. Na ile sehemu ya mwisho kabisa Jordan aliiandika mwenyewe kabla hajafa. Nilikuwa nalijua hilo kabla sijafika, ila nilipofika pale nilisoma taratibu mno, neno moja moja, maana najua huyu anayeongea sasa hivi alikuwa anajua anaondoka.

Sisi wasomaji wa hii kitu huku Nyanda za Juu hatuko wengi, angalau ninaowajua mimi. Kuna kaka yangu mkubwa anaendesha lori Tunduma hadi Dar, yeye anasikiliza ya sauti, ile anayosoma Michael Kramer na Kate Reading, kitabu hiki kimoja tu ni zaidi ya saa 40. Kuna dada mmoja nesi anakaa Uyole. Kuna mwalimu wa sekondari yuko Mafinga, huyo tunamwita mzee ingawa hana hata miaka hamsini. Na shemeji yangu ambaye ndo kwanza yuko nyuma yetu. Kila mtu kakipokea kivyake na tumebishana mwezi mzima, kwa simu, kwa meseji, na siku moja ana kwa ana mpaka chai ikapoa.

Kaka yeye hana la kulalamika. Sura ya 37 inaitwa The Last Battle, na hiyo sura peke yake ni karibu kurasa 200, yaani sura moja ina unene wa kitabu kizima cha watu wengine. Anasema ilimmaliza safari nzima. Lan, mpiganaji wa upanga wa upande wetu, anaingia kupambana na Demandred, jemadari wa adui, tayari Gawyn kashajaribu kafa, Galad kajaribu kakatwa mkono, na kaka wakati huo yuko Kitonga anashuka, mbele yake foleni ya malori, breki inataka akili yote, akaona hapana huu ni ujinga nitaua watu, akazima. Kafika chini Ruaha Mbuyuni akapaki pembeni ya wauza vitunguu ndo akawasha tena. Lan anauacha upanga wa adui umpite tumboni kwake mwenyewe ili apate nafasi ya kumfikia. Hakwenda pale kushinda, alikwenda kuua. Kaka anasema alitoka kwenye gari akasimama tu, mama mmoja akamletea fungu la vitunguu akanunua bila hata kuuliza bei.

Dada nesi yeye kapenda sehemu ambayo wengi wanaipita haraka. Kule ndani ya pango, Rand, shujaa mkuu wa hadithi, anapambana na Yule wa Giza, adui wa dunia nzima, Nynaeve yupo pembeni, huyu ndiye mponyaji mkubwa kuliko wote wa zama zake, lakini nguvu zake zote zimeshikwa na Rand, hana hata chembe ya kutumia. Na mbele yake kuna mwanamke mmoja, Alanna, kachomwa kisu, anakufa taratibu, na akifa kabla hajaikata ile kamba inayomuunganisha na Rand basi Rand anapagawa na dunia imekwisha. Nynaeve anafanya nini? Anafungua mkoba. Dawa za miti shamba, zile zile alizokuwa anatumia akiwa mganga wa kijijini kitabu cha kwanza, kabla hajajua kama ana uwezo wowote. Hamponyi Alanna, ila anampa nguvu ya kuzinduka dakika chache tu amwachie Rand. Dada aliniambia, "Mdogo wangu, umeme ukikatika wodini usiku ndo hivyo hivyo, unabaki na mikono yako na kilichopo mfukoni." Mimi hiyo sehemu nilikuwa nimeisoma kawaida tu, nikarudi nikaisoma upya baada ya kuongea naye.

Mwalimu wa Mafinga ndo mwenye kesi. Kesi yake ya kwanza ni Padan Fain. Huyu mtu tumehangaika naye toka kitabu cha kwanza, mchuuzi aliyegeuka jini, kafuatilia watoto wa watu dunia nzima, halafu mwishoni anatokea, Mat, rafiki wa Rand toka kijijini, anamchoma kisu, kwisha, hata chai haijachemka. Hapo namuunga mkono mzee asilimia mia. Kesi ya pili ni kwamba mkono umebadilika. Jordan alikuwa anaweza kukaa ukurasa mzima kwenye gauni na darizi zake, Sanderson hana muda huo, sentensi fupi, mbio, na Mat wake anachekesha kwa namna nyingine, si Mat yule. Ni kweli unauona mshono. Lakini mimi namwambia mzee, fundi kafa nguo iko mezani nusu, vipande vimeshakatwa, aje fundi mwingine amalizie kwa kipimo cha mwenzake, unataka mshono usionekane? Mi nashangaa imekaa mwilini. Tena tukumbuke kile cha 10 cha mwaka 2003 alichokiandika Jordan mwenyewe, kurasa mia sita na kitu hakuna kinachosogea, nilikiweka chini mara tatu. Nampenda marehemu lakini kile kilitutesa.

Sasa la kwangu, na hili ndilo lililonifanya niandike.

Hiki kitabu kinaua watu vizuri sana, ila hakiziki watu.

Egwene. Binti wa mwenye nyumba ya wageni pale kijijini, tumemwona anasuka nywele kwa mara ya kwanza kama mtu mzima kitabu cha kwanza, kafungwa kola shingoni kama mnyama na Waseanchan, wavamizi kutoka ng'ambo ya bahari, kafika mpaka kiti cha Amyrlin, mkuu wa Aes Sedai wote, wale wanawake wenye nguvu za uchawi. Anampoteza mumewe Gawyn, anarudi vitani hajapata hata muda wa kulia, anakufa akimzuia yule msaliti Taim, anageuka nguzo ya kioo. Sura yake nimeilia, sina aibu. Halafu? Vita inaendelea, sawa, vita ni vita. Lakini ikishaisha vita, nilikuwa nasubiri. Mama yake kule kijijini hatumwoni akipokea habari. Hakuna aliyekaa chini akaeleza huyu binti alikuwa nani. Siuan, aliyewahi kukalia kiti hicho hicho, kafa. Jemadari Gareth Bryne kafa, hata hatuoni vizuri ilikuwaje. Bela, yule farasi jike mchovu aliyekuwa anavuta mkokoteni wa Tam, baba yake Rand, kwenye upepo ukurasa wa kwanza kabisa mwaka 1990, kavuka vitabu 13 mzima, kafia vitani naye.

Huku kwetu mtu akifa turubai linafungwa, wanaume wanalala nje wameuzunguka moto, kina mama wako ndani na sufuria za kuazima, daftari la rambirambi linapita, na siku ya kuzika anasimama mtu anasoma wasifu wa marehemu, kazaliwa lini, kasoma wapi, kaacha nani. Hata kama unamjua miaka thelathini unausikiliza. Mimi nimehudhuria misiba ambayo wasifu umesomwa kwenye mvua ya Tukuyu na hakuna aliyeondoka. Baada ya siku kadhaa mnaanua matanga, kila mtu anarudi kwake, na hapo ndo moyo unakubali. Hicho ndicho nilichokikosa. Kurasa 909 za jalada gumu, na baada ya vita tunapewa vijisehemu vya haraka haraka vya hapa na pale, basi, nendeni makwenu.

Na kinachouma zaidi, msiba mmoja upo! Kuna mazishi kamili, kuni zimepangwa, moto unawashwa, watu wamekusanyika. Ya nani? Ya Rand, ambaye hajafa. Kabadilishana mwili na adui yake Moridin, mwili unaoungua ni wake wa zamani, yeye yuko hai na sura ya mtu mwingine anaondoka kimya kimya, na wale wanawake wake watatu wanajua. Yaani aliye hai ndo kapewa mazishi, na Egwene aliyekufa kweli hana hata mstari wa wasifu. Mwalimu anasema hiyo ndo maana yenyewe, kwamba vita kubwa haiachi nafasi ya kuzika kila mtu, na kwamba mwandishi aliyekuwa Vietnam alilijua hilo kuliko mimi. Nimelifikiria sana hilo neno lake. Inawezekana. Lakini mimi ni msomaji niliyebaki, na waliobaki ndo wanahitaji matanga.

Pamoja na hayo yote kuna kurasa chache humu ambazo nisingezibadilisha kwa kitu chochote. Olver. Mtoto mdogo, yatima, sura mbaya wanavyosema wenyewe, kaachiwa baragumu la Valere akimbie nalo. Kajibanza kwenye ufa wa mwamba, Trolloc, yale majitu nusu mtu nusu mnyama, wanaingiza mikono kumvuta, kucha zinamchana, na huyu mtoto kaachwa na kila mtu maishani mwake, baba, mama, na juzi juzi Noal, yule mzee aliyekuwa anacheza naye na kumpa hadithi, kaenda safari hajarudi. Analia anapuliza baragumu. Mashujaa waliokufa wanarudi, ndivyo baragumu linavyofanya kazi. Na wa kwanza kusimama mbele ya ule ufa kumkinga ni Noal. Nilifunga kitabu nikakishika kifuani. Kaka naye alipofika hapo kanipigia simu akiwa Makambako, hakuongea kitu, kasema tu "umeona eeh," nikasema "nimeona kaka."

Kuhusu kukinunua. Changu ni mtumba wa jalada gumu, kimekuja na basi kutoka Dar kimefungwa ndani ya kanga, aliyeniuzia aliniambia ni kipya, nikakuta karatasi za katikati zimeachia gamu na ile ramani ya mbele imechanika kona. Nimezibandika mwenyewe, si ni steshenari. Ukiagiza omba picha za mgongo wa kitabu kwanza, maana ni kizito na huo mgongo ndo unaoachia. Kwenye simu ni nafuu na unaweza kutafuta jina, utahitaji, majina ni mamia, ingawa nyuma kuna faharasa ndogo. Kingereza chake si kigumu, kigumu ni kukumbuka nani ni nani. Na usianzie hapa hata kama umeona ile tamthilia ya Amazon iliyokatishwa 2025 baada ya misimu mitatu, anza na The Eye of the World, hutaelewa kwa nini watu wazima tunamlilia farasi.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimemwekea Egwene, siku nikisoma mahali wasifu wake naiachia.

Kwa sasa kitabu kiko kwa shemeji, kaniahidi hatakunja kurasa. Jana usiku saa sita kanitumia meseji kwamba yuko sura ya 37, kaandika, "Shem, Bela atapona?" Nimemjibu ajifunike vizuri, baridi ni kali, aendelee kusoma.