Wamemkata Columbo mikono

Nianze na hasira, sifa zitafuata zikipata nafasi. Huduma ya kutazama kwa intaneti ninayoilipia kila mwezi, na jina lake nalihifadhi, imeweka vipindi vya Columbo vya miaka ya 1970 vikiwa vimefyekwa juu na chini ili picha ijae skrini pana. Hawakuandika popote kwamba wamefyeka. Hakuna kitufe cha kurudisha picha kamili. Ukiuliza, unajibiwa kama mtu aliyefanyiwa hisani akakosa shukrani.

Anayeijua tamthilia hii ameshaelewa kwa nini nimewaka. Kwa asiyeijua: Columbo haimfichi muuaji. Richard Levinson na William Link, waliomtunga luteni huyu wa polisi wa Los Angeles, waliigeuza hadithi ya upelelezi kichwa chini miguu juu. Kipindi kinafunguka na muuaji akiua mbele ya macho yako, hatua kwa hatua: anatengeneza ushahidi kwamba alikuwa kwingine, anafuta glasi, anahamisha maiti, anarudi kwenye karamu akitabasamu. Luteni huingia baadaye, koti la mvua limekunjamana, anaomba penseli. Kuanzia hapo hutafuti nani kaua, unatafuta alipokosea. Na alipokosea mara nyingi ni kitu: kiko mezani, mkononi, mfukoni, pembeni mwa zulia. Umeonyeshwa kila kitu, na kosa nalo umeonyeshwa, ila hukuliona. Ndiyo raha yote ya Columbo. Sasa kuna mtu ameamua kwamba robo ya picha haina kazi.

Robo, wala sizidishi chumvi. Vipindi hivi vilipigwa kwa mkanda wa filamu na kupangwa kwa televisheni za wakati ule, uwiano wa 4 kwa 3. Televisheni za sasa ni 16 kwa 9. Ukitaka kuijaza skrini pana bila kuwanenepesha watu, njia ni moja tu: unabaki na upana wote, unatupa asilimia 25 ya kimo. Picha ya mistari 480 inabaki na 360. Mashine ikiachiwa kazi hiyo bila mtu wa kuisimamia, hukata sawa kwa sawa, thumni juu na thumni chini, tukio baada ya tukio, iwe sura ya karibu au chumba kizima.

Na nani anaishi kwenye vipande hivyo viwili? Juu kuna vipaji vya nyuso, taa na saa za ukutani. Hilo ningelimeza kwa shida. Chini kuna mikono, na Peter Falk, anayemwigiza Columbo, anaigiza kwa mikono. Yule luteni anayeonekana bwege hajajengwa kwa maneno tu. Amejengwa kwa kupapasa mifuko akitafuta kiberiti, kwa sigara nene asiyojua aizimie wapi, kwa karatasi aliyoandika jambo halafu haioni, kwa kidole kinachoinuka akiwa ameshafika mlangoni na muuaji ameshaanza kupumua. Kata mikono, umebakiwa na mzee mmoja anayeongea sana.

Mfano mmoja, na kama hujakitazama kipindi cha Suitable for Framing cha 1971, ruka aya hii. Muuaji ni mhakiki wa sanaa, anayeigizwa na Ross Martin, mwenye dharau ya kupimwa kwa kilo. Mwishoni alama za vidole za Columbo zinapatikana kwenye picha zilizoibwa, kwa sababu aliwahi kuzigusa zilipokuwa bado mikononi mwa mhakiki. Mhakiki anaruka: umezigusa sasa hivi, hapa hapa! Columbo hasemi kitu. Anatoa mikono mifukoni, na mikono imevaa glavu. Kesi imekwisha. Ushindi mzima uko kati ya kiuno na kifua cha mtu aliyesimama. Ili ukupige sawasawa, inabidi uwe umeiona mikono ile mifukoni kabla haijatoka, uione bila kuitilia maanani. Katika toleo hili lililofyekwa mifuko iko nje ya picha. Glavu zinaibuka kutoka kusikojulikana kama kiinimacho cha kitoto.

Watetezi wa huduma hii husema hadithi haijapotea, maneno yote yapo. Mimi nasema mnaongelea redio.

Kabla hujarusha lawama kama zangu, hakikisha mkosaji ni huduma na si televisheni yako, maana dalili hufanana. Kipimo ni kitu cha duara. Kwa Columbo kipimo hicho kiko tayari: magurudumu ya ile Peugeot 403 yake iliyochoka, ikiwa imesimama ubavu. Gurudumu likionekana kama yai lililolala, picha imevutwa, na hilo ni kosa la mipangilio ya televisheni: ingia kwenye ukubwa wa picha, toa hali ya kuvuta, chagua 4:3 au hali ya asili. Gurudumu likiwa duara safi na kuna mistari mieusi kushoto na kulia, uko salama, hiyo ndiyo picha kamili, usiiguse. Gurudumu likiwa duara safi na hakuna mistari mieusi, kwanza hakikisha hali ya “Zoom” ya televisheni imezimwa, maana nayo hukata; kama imezimwa, pole. Picha imekatwa kabla haijakufikia, na hakuna rimoti duniani itakayoirudisha. Ukichagua 4:3 hapo, utawakondesha watu tu.

Kuna mwizi mwingine mdogo ambaye wengi hawamjui. Televisheni nyingi hukuza picha kidogo na kula kingo zote nne, tabia iliyobaki tangu enzi za televisheni za chogo. Izime. Inazimwa kwa kuwasha hali ambayo menyu nyingine huiita “Just Scan”, nyingine “Screen Fit”, majina yanatofautiana lakini kazi ni ile ile. Juu ya picha iliyokwisha kupoteza robo, kula tena kingo ni kumwibia aliyeibiwa.

Na zima kulainisha mwendo, ile hali inayofanya filamu ionekane kama taarifa ya habari. Kwa Columbo hii si suala la ladha pekee. Kwenye kipindi cha Double Exposure cha 1973, Robert Culp ni mtaalamu wa kuwashawishi wateja, na anaua kwa msaada wa picha zilizochomekwa katikati ya filamu kwa muda mfupi mno, jicho halizikamati lakini koo linakauka. Columbo anamnasa kwa ujanja huo huo. Televisheni inayobuni fremu za katikati, yaani picha moja moja za filamu, huchukua fremu iliyochomekwa na kuichanganya na jirani zake, ikawa ukungu. Yaani mashine inafuta silaha ya mauaji.

Nirudi kwa wakosaji wangu. Nilieleza tatizo kwa huduma kwa wateja: jina la kipindi, dakika, kilichokatwa, na kipimo cha gurudumu. Jibu la kwanza: zima kifaa, subiri, washa. Jibu la pili: futa programu uisakinishe upya. Jibu la tatu ndilo lililonichefua, kwamba picha “imeboreshwa kwa ajili ya skrini yako” na kwamba wateja wengi hawaipendi mistari mieusi. Kumbe wanajua! Si ajali, ni uamuzi, na muda wote ule wa kuzima na kuwasha nilikuwa nachezewa tu. Mtu asiyeipenda mistari mieusi apewe kitufe cha kukuza picha, televisheni yake tayari inacho. Ukimpa kamili, anaweza kukata akitaka. Ukimpa iliyokatwa, hana la kufanya.

Na wasiseme haiwezekani kufanya vizuri. Tamthilia ya The Wire nayo ilipangwa kwa 4:3, na mwaka 2014 kituo chake, HBO, kikatoa toleo la 16:9. David Simon, aliyeitunga, alishiriki na akaeleza hadharani palipopatikana faida na palipopotea kitu. Unaweza kulipenda toleo lile au kulikataa, lakini kuna mtu alikaa akaangalia tukio kwa tukio. Hapa kwetu hakuna aliyekaa. Angekuwepo, zile glavu zingemshtua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Columbo ndiyo tamthilia ya upelelezi iliyokuwa ngumu kuliko zote kuharibiwa na huduma za namna hii. Dhambi zao za kawaida zinajulikana. Kijipicha cha kipindi kinamwonyesha mtu akifungwa pingu. Muhtasari unasema zaidi ya inavyotakiwa. Maandishi ya chini ya wasiosikia yanamtaja kwa jina mtu anayenong'ona kwenye simu, wakati mwandishi amejitahidi sauti hiyo isitambulike. Ukiwa unatazama Poirot ya David Suchet, ambayo humficha muuaji hadi mwisho, vipindi 70 kati ya 1989 na 2013, kosa moja la aina hiyo linakuharibia jioni, kwa hiyo chagua maandishi ya kawaida badala ya yale ya wasiosikia kama unasikia, na usikodolee vijipicha. Columbo haiguswi na lolote kati ya hayo. Muuaji ameshatajwa! Ilibaki njia moja tu ya kuiharibu, nayo ni kukuficha vitu. Wakaipata.

Mpangilio wao nao ni vurugu, ila hili nalipitia haraka. Filamu mbili za majaribio, ya 1968 na ile ya mapema 1971, hazimo ndani ya msimu wa kwanza, zimetupwa kwenye kundi la filamu. Vipindi vya kituo cha NBC cha Marekani vinaishia 1978, vya kituo cha ABC vinaanza 1989 hadi 2003, vyote pamoja 69, lakini orodha yao inavichanganya kama vile miaka kumi na moja ya katikati haikuwepo, Falk anazeeka na kurudi ujana wiki hiyo hiyo. Tafuta kwa jina la kipindi, usifuate namba zao. Zima pia kucheza kiotomatiki, maana majina ya waigizaji yanaminywa kuwa kidirisha kabla muziki haujaisha.

Sasa haki yao niwape, japo kwa mdomo mzito. Picha ni safi kuliko DVD, rangi za suti za miaka ile zinawaka, sauti haina mkwaruzo. Na mwendo ni sahihi. Hili si dogo. DVD za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huchukua filamu ya fremu 24 kwa sekunde na kuicheza kwa 25, kila kitu kinakwenda mbio kwa takriban asilimia 4. Kipindi cha dakika 98 kinaisha kwa dakika 94, na sauti inapanda kidogo, Falk anapoteza mkwaruzo wake wa koo. Huduma hii inatoa dakika 98 kamili. Kwa hiyo chaguo lililopo ni la kuudhi: DVD za vipindi vya miaka ya 1970 zina picha nzima, na kama ni za PAL zina sauti iliyokimbizwa, intaneti ina sauti nzima na picha iliyokatwa. Ukipata DVD za NTSC, mfumo wa Marekani usiokimbiza mwendo, na kifaa kinachozikubali, maliza ubishi, nunua hizo.

Nilikusudia kuweka nyota moja na kuwashauri watu wajitoe. Nikatazama tena Murder by the Book, kipindi cha kwanza cha msimu wa kwanza, Steven Spielberg akiwa na miaka 24. Mwanzo hakuna muziki, kuna mlio wa taipureta tu, na gari la muuaji likija kule chini barabarani huku mwathirika anapiga chapa nyuma ya dirisha lililo juu. Hata ikiwa imefyekwa, inashika. Nikafika nyota mbili. Kisha Jack Cassidy, muuaji wa kipindi hicho, akainamia kitu mezani, na meza haikuwemo kwenye picha, nikarudi kwenye moja.

Basi moja na nusu, na bado ninalipia, jambo linalonikera kuliko kukata kwenyewe. Kama nawe umeshalipia, tazama humo vile vinavyobebwa na sura na maneno: Any Old Port in a Storm ya 1973 inapona vizuri, Donald Pleasence anaigiza kwa macho na ule mwisho wa ndani ya gari haudaiwi sana na kingo. Try and Catch Me ya 1977 na Ruth Gordon nayo inavumilika. Negative Reaction ya 1974, ambayo ushahidi wake ni picha ya kamera na saa iliyomo ndani yake, isubirie DVD. Suitable for Framing usiiguse kabisa.