Plagi za milimita 1.25 za Kariakoo kwa injini na tenda: plagi nzuri, nyaya mbovu

Anayejenga treni ndogo za kipimo cha 1:87 hapa Dar asizitafute plagi za kuunganisha injini na tenda (behewa dogo la makaa na maji nyuma ya injini) kwenye duka la midoli. Ziko Kariakoo, kwa wauzaji wa vipuri vya elektroniki: zile nyeupe za pini sita, nafasi ya milimita 1.25 kati ya pini na pini, dume na jike zikiwa na nyaya tayari. Kwa kazi hii ndiyo saizi yake. Upana ni kama milimita 9, hivyo zinajificha chini ya sakafu ya tenda, na pini moja inabeba hadi ampea 1, inayotosha mota nyingi za kipimo hicho. Za milimita 2.54 ni rahisi kuchomelea ila zinaonekana toka mbali. Za milimita 1 zitakutoa jasho bure.

Dikoda (kibao cha elektroniki kinachoongoza mota na taa) ikikaa ndani ya tenda, pini sita zinatosha kabisa: nyekundu na nyeusi za reli, chungwa na kijivu za mota, nyeupe na buluu za taa ya mbele. Jike likae upande wa tenda, maana pini tupu za dume zikigusa fremu wakati umeme upo, ni shoti.

Sasa tahadhari. Jozi nyingi zimefungwa rangi kinyume: ukichomeka, nyekundu ya dume inakutana na nyeusi ya jike. Piga mita pini kwa pini kabla ya kuchomelea chochote. Waya wa reli ukiingia kwenye njia ya mota, dikoda inaungua papo hapo, na hiyo hairekebishiki kwa bei ya plagi.

Kero kubwa zaidi ni ugumu wa nyaya. Sita kwa pamoja zinaisukuma tenda nyepesi hadi magurudumu yanapanda reli kwenye kona. Zikate ukiacha milimita 8, unga nyaya laini za silikoni namba 32 (AWG, kipimo cha unene wa waya), na upishanishe viungo ili visirundikane pamoja. Chomelea dume na jike vikiwa vimechomekana: plastiki ikilainika kwa joto, pini hazipindi. Sekunde mbili tu kila kiungo. Kisha jaribu kwenye kona kali kuliko zote ulizonazo, nyaya zilegee pande zote mbili.

Plagi ishikwe kwa epoksi. Supagluu inanyonywa ndani hadi kwenye pini na umeme unakatika. Wanaokaa karibu na bahari wasafishe pini mara kwa mara kwa spiriti, chumvi ya hewani haichelewi kuzifanyia kutu.

Kwa modeli ya Garratt (injini ya mvuke yenye seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma ya boila) ya daraja la 59 ya Reli ya Afrika Mashariki yenye mota mbele na nyuma, nunua jozi mbili.