Jiko la presha la umeme ni zuri. Aliyeniuzia sitaki kumwona

Ningeandika haya wiki iliyopita mngesoma matusi matupu. Sasa nimepoa kidogo. Kidogo tu.

Jiko hili tulihamasishwa nalo pale Mwanga, Kigoma, kwenye kampeni ya matumizi bora ya umeme: spika kubwa, maharage ya kuonja, na kijana wa mauzo akitusihi tuachane na mkaa. Nikanunua dukani kwao. Sisemi uongo, mwanzoni nilifurahi mno. Maharage ya Kasulu, ambayo kwenye mkaa yanamaliza asubuhi nzima, humu yanaiva kama saa moja na uniti moja haiishi. Presha ikishapanda, jiko linajikata, linawaka kwa vipindi tu. Hapo ndipo umeme unapookolewa.

Kisha mpira wa mfuniko ukalegea. Mvuke unatoka pembeni, presha haipandi, jiko linawaka mfululizo. Sisi wa matumizi madogo, tunaochunga uniti 75 kwa mwezi ili tubaki kwenye bei ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, tunajua maana ya jiko lisilojikata.

Nikalibeba hadi dukani. Kijana ni yuleyule. Hata mfuniko hakufungua! Aliitazama kanga yangu, kisha akasema mbele ya wateja: "Mama, hivi vitu si vya kila mtu. Rudi tu kwenye mkaa wako."

Mkaa wangu! Mtu aliyeshinda juani kunishawishi niuache!

Nikamwambia, "Mwanangu, nataka mpira tu, nitaulipia." Hana. Niagize Dar mwenyewe. Yaani wamejaza duka majiko, wametuhubiria kuokoa umeme, halafu mpira wa kuliwezesha jiko kuokoa huo umeme hawana hata mmoja. Kampeni gani hiyo? Wanawake wangapi hapa mjini wamerudi kwenye mkaa kimyakimya kwa aibu ya kujibiwa vile?

Jirani aliponiuliza nilimwambia asithubutu kununua. Lakini mpira umefika kwa basi, nimeuvisha, na mchana huu maharage yameiva kama zamani. Basi nunueni. La, ngojeni: mwambieni muuzaji aweke kwanza mpira wa akiba mezani, asipouweka msitoe hela. Na kwa yule kijana msinunue hata balbu.