Mishipi na ndoana za madukani Tanga: ipi ununue, na ya zamani uiache lini

Kwa anayevua kwa mkono kwenye miamba ya Tanga, kuanzia Sahare mpaka Kigombe, mshipi tunaoupendekeza ni wa nailoni nyeupe wa milimita 0.8, ule unaouzwa kwa roli la mita 100. Changu hausumbui, na chewa wa wastani unamhimili. Sharti letu ni moja: usikubali roli lililotundikwa mlangoni mwa duka. Jua huila nailoni taratibu, na roli lililoning'inizwa nje kuvutia wateja huzeeka kabla halijaonja maji. Omba lililo ndani ya boksi, na muuzaji anayenuna kwa ombi hilo muache na roli lake.

Kabla ya kulipa, vuta pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, uipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole visikute mkwaruzo wala mahali palipobonyea. Kisha piga fundo karibu na ncha uvute polepole. Nailoni nzima hunyumbuka kwanza, inakuwa nyembamba, ndipo inakatika kwa kishindo. Iliyochoka haina mnyumbuko. Inakatika ghafla, na penye mkato utaona weupe wa unga. Rangi iliyofifia nayo ni dalili, hasa kwa mishipi ya kijani na ya buluu, lakini usiitegemee peke yake.

Mshipi ulio nao nyumbani upime kwa ndoo. Uloweke kwanza saa kadhaa, maana nailoni hunywa maji na ikilowa hupungukiwa nguvu kidogo, na wewe huvui kwenye ukavu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina zaidi ya kilo 20 ukihesabu na ndoo yenyewe. Funga ncha moja kwenye mpini, nyingine kwenye kipande cha mti cha kushika kwa mikono miwili, inua pole bila kushtua. Mshipi wa 0.8 ukiwa mpya kwa kawaida huandikwa zaidi ya kilo 30, kwa hiyo ndoo hii isiwe kazi kwake. Ukikatikia katikati, huo umekwisha. Ukikatikia kwenye fundo, usiulaumu bado: fundo la kawaida hula karibu nusu ya nguvu. Rudia hivi: pitisha ncha kwenye mpini, izungushe mara nne au tano juu ya mshipi wenyewe, irudishe kwenye kitanzi kilicho karibu na mpini, kisha uipitishe ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Lowesha kwa mate ndipo ukaze. Fundo likikazwa kavu nailoni inasuguana, inapata joto na kudhoofika palepale, na ndiyo sababu samaki wengi wazuri huondoka na ndoana huku mshipi ukiwa mzima kabisa.

Mshipi hauchakai sawasawa. Pima mbili za mwisho, karibu na ndoana, ndizo zinazokwaruzwa na matumbawe na meno ya samaki. Zikate kila unaposikia mkwaruzo kwa kidole, usingoje zikatike zenyewe. Ukishakata mpaka mshipi umekuwa mfupi, ugeuze wote kwenye kibao unachouzungushia: ncha ya ndani mara nyingi haijawahi kuguswa na maji wala jua, na ndiyo itakayoshuka chini. Ukigeuza mara moja, hakuna kugeuza tena. Safari hiyo ikiisha, nunua mpya.

Mshipi wa kusokotwa, unaosifiwa sana kwa wembamba wake, kwa uvuvi wa mkono hatuupendekezi. Haunyumbuki, unakata vidole hata ukivaa vipande vya mpira wa baiskeli, na ukigusa mwamba huku umekazwa unakatika upesi.

Ndoana tunazipa alama nzuri, ila zichague moja moja. Iburute ncha juu ya ukucha wa kidole gumba bila kukandamiza: ikiuma ukucha ni kali, ikiteleza ni butu, hata kama imetoka dukani leo. Butu inanolewa kwa tupa ndogo, miburuzo mitatu au minne kuelekea nchani. Ila kila unaponoa unaondoa ngozi ya bati inayozuia kutu, hivyo ndoana iliyonolewa isuuzwe kwa maji yasiyo ya chumvi na ikaushwe siku hiyohiyo. Kutu ya juujuu inafutika. Inayotisha ni ile iliyojificha chini ya fundo, kwenye tundu, na ile iliyochimba penye mkunjo. Ukiikwaruza kwa kisu ukaona vishimo, itupe. Itupe pia iliyowahi kunyooka ukaikunja upya. Chuma hicho kitanyooka tena kwa samaki mdogo zaidi.

Vile viungo vya shaba vinavyozuia mshipi kujisokota ndivyo dhaifu kuliko vyote vinavyouzwa hapa. Chumvi inaganda ndani, kiungo kinakwama, na mshipi unajikunja mafundo. Ning'iniza chubwi, ule uzito unaozamisha mshipi, kwenye kiungo ulizungushe: lisipozunguka lenyewe, badilisha kiungo. Chubwi halichakai, ila kagua tundu lake. Ukingo wenye makali unakata mshipi wakati wa bamvua, maji yanapovuta kwa nguvu. Ulainishe kwa msumari.

Nailoni iliyokufa isitupwe baharini. Haiozi, na inawanasa kasa kama wale wanaokuja kutaga kisiwani Maziwe. Vipande virefu vinafaa kufungia dema, ule mtego wa samaki, vifupi vichome shimo la taka uvifukie.

Mwenye pesa kidogo anunue kwa mpangilio huu: ndoana kali kwanza, kisha pima kumi za nailoni mpya aziunge mbele ya mshipi wa zamani uliopita kwenye ndoo. Roli zima lingoje kaskazi, bahari ikitulia.