Taa ya kushuti video za vitenge: uanze na ipi?

Mteja alinirudishia kitenge cha damu ya mzee. Kwenye video yangu alikuwa ameona rangi ya chungwa lililochakaa. Simu haikuwa na kosa, balbu ya sebuleni ndiyo iliyoniponza.

Muuzaji wa taa atakutajia wati. Wewe muulize CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi ilivyo. Kamili ni 100. Chini ya 90 achana nayo, tafuta 95 kwenda juu. Hata hapo kuna mtego: CRI ni wastani wa rangi 8 zilizopoa, na nyekundu iliyokolea haimo. Hiyo hupimwa peke yake kwa jina la R9. Kwa muuza vitenge, na kwa ngozi pia, R9 ikiwa ndogo kila kitu kinapauka.

Ya kwanza kwangu ni COB, aina ya taa ya LED, ya wati 60 na softiboksi, yaani boksi la kitambaa linalotawanya mwanga. Chembe zake za LED zimebanana sehemu moja, kwa hiyo kivuli ni kimoja, na softiboksi inakilainisha. Isimamishe pembeni, upande wa pili egemeza manila nyeupe irudishe mwanga. Taa ya pili sijawahi kuihitaji.

Inafuata paneli ya LED ya kubadilisha Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga (ndogo ni njano, kubwa ni kama mchana), 3200 hadi 5600. Ya betri haijali umeme ukikatika. Ukiwa karibu na dirisha iweke 5600, la sivyo nusu ya nguo itakuwa ya njano.

Ringilaiti, ile taa ya duara, naiweka ya tatu, wengi watanibishia. Uso inaupendeza, lakini kitambaa inakilalisha bapa, na za bei poa boksi halitaji CRI kabisa.

Balbu za nyumbani ni za mwisho. Nyingi zina CRI ya 80 hivi, na nyingine zinapepesa: umeme wetu ni wa hezi 50, ndiyo maana video inapita mistari. Shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha, ya sekunde 1/50 au 1/100 huituliza.

Huna hela bado? Dirisha lisilopigwa jua linazishinda zote, mradi ufunge waiti balansi, mpangilio wa kamera unaofanya nyeupe ionekane nyeupe, kwa karatasi nyeupe.

Dukani, waombe wawashe taa, shuti kiganja chako na kipande cha kitambaa, kisha toka ushuti tena kivulini, ulinganishe. Mimi hubeba kile kile kitenge kilichorudishwa.